Chumba cha Chini na Mahari ya Bibi Harusi



Msimu wa harusi ukipamba moto, hawakosekani wenzetu wanaovuka maji kwenda kuolewa bara, na wapo wanaofika mbali kweli. Wanafika Songea, na kutoka Songea wanashika barabara ya Tunduru kilomita 70 hivi mpaka Namtumbo. Kule bwana harusi ana kiwanja chenye mteremko. Fundi anakitazama, anapima kwa macho, anasema: upande wa juu msingi utakuwa kozi mbili tatu, upande wa chini utapanda karibu kimo cha mtu. Badala ya kuujaza kifusi chote hicho, kwa nini tusiache uwazi tukapata chumba? Besimenti. Bwana harusi anafurahi, mama mkwe anafurahi, na baada ya siku mbili linakuja suala la fedha. Hapo macho ya watu yote yanaigeukia mahari ya bibi harusi.

Sisi wa visiwani hatujazoea chumba cha chini ya ardhi, na kuna sababu. Tazameni Mji Mkongwe. Umekaa kwenye rasi ya Shangani, bahari pande zote isipokuwa shingo nyembamba, na hata shingo hiyo zamani ilikuwa na hori la maji nyuma yake mpaka likafukiwa. Ukichimba, chini kuna jiwe la matumbawe, na chini ya jiwe kuna maji ya chumvi. Wazee walijenga kwa jiwe hilohilo na chokaa, kuta nene, na boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana wa chumba, maana boriti haizidi mita tatu hivi. Ndiyo maana vyumba vyetu vya zamani ni virefu na vyembamba. Nafasi zaidi ilitafutwa juu. Chini palikuwa ghala, duka la Mhindi lenye mbao za kufungua asubuhi, au mahali pa watumwa na watumishi. Mwenye nyumba alikaa juu, penye upepo.

Lamu walikwenda mbali zaidi kwa upande wetu wanawake. Huko, kwa familia zenye uwezo, nyumba ya mawe ilikuwa mali ya binti. Binti akiolewa, wazazi humpa nyumba, au humjengea ghorofa juu ya nyumba ya mama yake, na mume ndiye anayehamia kwake. Mabinti wakiwa wengi, nyumba hupanda, au huvuka njia kwa wikio, kile chumba kilichojengwa juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili, na wanawake hupita kwa jamaa zao bila kushuka barabarani. Huo nao ulikuwa uamuzi wa kuongeza chumba, na ulikuwa uamuzi wa gharama. Lakini angalieni ulikuwa umefungwa na nini: kila chumba kilichoongezwa kilijulikana ni cha nani kabla jiwe la kwanza halijapandishwa.

Unguja nako wanawake walimiliki. Sayyida Salme bint Said, aliyezaliwa 1844, aliandika katika kumbukumbu zake za 1886 kwamba alihesabiwa mtu mzima akiwa na miaka 12 ili akabidhiwe urithi wake kwa baba, shamba na nyumba. Nyumba ngapi za mjini ziliwekwa wakfu na bibi zetu! Tunalisema hili kwa sababu wapo wanaowaambia mabibi harusi kwamba kuulizia jina kwenye hati ni mambo ya kisasa. Si ya kisasa hata kidogo.

Sasa, vyumba vya chini ya ardhi tunavyovijua kwetu ni vipi? Kwa kusema kweli havina sifa nzuri. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kufunga soko la watumwa na kuzuia kuwasafirisha kwa bahari. Biashara haikufa siku hiyo, ilijificha. Kule Mangapwani, kaskazini ya mji, kuna chumba kilichochongwa ndani ya mwamba wa matumbawe na kuezekwa usawa wa ardhi, na kinachosimuliwa ni kwamba walifichwa watu humo wakingoja majahazi ya usiku. Mkunazini, penye kanisa lililojengwa katika eneo la soko, wageni huteremshwa ngazi wakaonyeshwa vyumba viwili vya chini vilivyo na dari la kumgusa mtu kichwa. Kuna wanahistoria wanaoamini kwamba hivi vya Mkunazini vilijengwa baadaye na wamisheni kwa ajili ya ghala la hospitali yao. Sisi tunaona hoja yao ina uzito. Hata hivyo ukiteremka mle unaelewa haraka chumba kisicho na upepo kinamfanya nini binadamu.

Na watu waliopita katika maumivu yale wengi walitoka wapi? Njia kubwa ya misafara ya kusini ilitoka Ziwa Nyasa, ikakata nchi ambayo leo ni Ruvuma na jirani zake, ikatokea Kilwa Kivinje, na kutoka hapo jahazi hadi Unguja. Wanyasa, Wayao, Wangindo, ndivyo walivyoitwa katika mashamba yetu ya karafuu. Kwa hiyo bibi harusi wa Unguja anayeteremka basi Namtumbo huenda anarudi alikotoka bibi wa bibi yake. Hilo ni la kuliwaza, si la kuona haya.

Namtumbo yenyewe ni nchi ya Wandendeule, pamoja na Wangoni na Wayao, na Uislamu una mizizi huko tangu enzi za wafanyabiashara na walimu waliopanda kutoka pwani. Mtafiti Philip Gulliver aliishi na Wandendeule mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kitabu chake kilitoka 1971. Aliwakuta ni wakulima wanaohama: ardhi ikichoka, familia kadhaa huondoka pamoja, hufungua mtaa mpya msituni, na majirani hulimiana mashamba kwa zamu. Nyumba ya miti na udongo haikuwa mali ya kudumu. Mali ilikuwa watu wa kukusaidia kulima. Na nafaka iliwekwa juu, katika ghala lililoinuliwa na miti, lisiguswe na unyevu wala panya. Utajua thamani ya ghala ukikumbuka Maji Maji. Huko Kitanda, ndani ya wilaya hii ya leo, alitoka Nduna Mkomanile, mwanamke aliyenyongwa Songea mwaka 1906 pamoja na wapiganaji wa kiume. Wajerumani hawakuishia kunyonga. Walichoma vijiji na akiba za chakula, na njaa ikaua wengi kuliko risasi.

Tofali la kuchoma, bati na kiwanja kilichopimwa vimebadilisha hesabu yote. Siku hizi nyumba ya Namtumbo inajengwa ikae, na ndiyo maana swali la chumba cha chini ni jipya kule kama lilivyo jipya kwetu.

Tuanze na maji. Ruvuma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na katika miezi hiyo udongo wa mteremko hubeba maji ndani kwa ndani kushuka bondeni. Ukuta wa nyuma wa chumba cha chini ndio unaoyapokea. Tofali la kuchoma hunywa maji kama sponji. Kama ukuta ule haukujengwa kwa zege au mawe, ukapakwa dawa ya kuzuia maji kwa upande wa nje kabla udongo haujarudishwa, na kuwekewa mtaro wa changarawe nyuma yake, basi weka humo sanduku lako la kanga na mkeka wa Kipemba uone ifikapo Machi. Kupaka rangi kwa ndani hakusaidii, rangi hubanduka. Na kazi ya nje haionekani nyumba ikisha, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti ikibana.

Kuna na jambo la hewa. Desemba 1984 huko Pennsylvania, Marekani, mhandisi mmoja alikuwa akiwasha king'ora cha mionzi kazini kwake kwenye kinu cha nyuklia, na kinu kilikuwa hakijaanza hata kuzalisha umeme. Mionzi ilitoka nyumbani kwake. Ilikuwa gesi ya radoni, isiyo na harufu wala rangi, inayotokana na urani iliyomo ardhini na kukusanyika katika vyumba vya chini visivyo na mzunguko wa hewa. Shirika la Afya Duniani linaihesabu miongoni mwa visababishi vikubwa vya saratani ya mapafu. Wilaya ya Namtumbo ndiyo yenye mradi wa urani wa Mto Mkuju. Hifadhi ile iko mbali na mji, na hatusemi kwamba kila kiwanja kina hatari. Tunasema chumba cha kulala watoto kisiwe kile ambacho pande tatu ni udongo na dirisha ni moja.

Kwa ndugu wenye nyumba tayari, wanaotaka kufukua kifusi chini ya sakafu iliyokwisha kukaliwa, maoni yetu ni mafupi: msifanye. Siku ya tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la Sayyid Barghash la 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakafariki, Allah awarehemu. Lile lilikuwa na wataalamu.

Lakini kwa nyumba inayoanza sasa, mteremko ukiwa mkali kweli na upande wa chini ukielekea barabarani, tunaona faida ipo. Mlango wa mbele, madirisha mawili, na humo kikaingia cherehani, duka la nguo, au ghala la mahindi na ufuta yaliyopandishwa kwenye mbao. Ni lile duka la chini la Mji Mkongwe limehamia bara. Kifusi na kushindilia navyo ni gharama, kwa hiyo linganisheni bei zote mbili kwa fundi wawili tofauti kabla ya kuamua.

Kuhusu mahari. Qur'an katika Suratun-Nisaa imeifanya mahari kuwa haki ya mke, na mume ataitumia tu kama mke ameridhia kwa moyo wake. Kuridhia si kunyamaza mbele ya mawifi. Na ukifika Namtumbo umeingia chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo Zanzibar haitumiki. Sheria hiyo inakuachia mali yako iwe yako, na inachukulia kwamba mali iliyoandikwa jina moja ni ya mwenye jina hilo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Wengi hushangilia hapo wakasahau mwisho wake: Bi Hawa hakupata kitu, kwa sababu mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe kuanzishia mradi alizitapanya. Hesabu ya nani alitoa nini ilimfuata mpaka mwisho.

Basi bibi harusi, ukiamua kuitoa, itolewe kwa maandishi, mbele ya walii wako na mashahidi wawili, ikitajwa kiasi na ikitajwa ni mkopo, zawadi au hisa. Kama kiwanja ni ardhi ya kijiji, hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kubeba majina mawili. Ulizia ofisi ya kijiji kabla lori la mawe halijafika.