Tope la oili katika injini kuukuu
Gari la safari fupi za Mji wa Kale, Mombasa, halipati joto la kutosha kukausha maji ndani ya injini. Kisha husimama likinguruma kwenye foleni ya feri ya Likoni. Oili huchakaa, ikashika masizi na kuwa tope zito.

Baadhi ya makanika huliosha tope hilo kwa mafuta ya taa, dawa rahisi mno. Katika injini iliyokwenda kilomita 200,000, mabonge huweza kubanduka kwa pamoja yakaziba chujio la pampu, na beringi zikakosa oili. Afadhali kuteremsha beseni la oili, kulisafisha chujio kwa mkono, kisha kubadilisha oili na filta mapema, tuseme kila kilomita 1,500, mara tatu hivi. Taa ya oili ikiwaka njiani, zima injini mara moja.