Huruma Iliyojifunza Kuuliza: Makanisa na Maafa ya Asili Nakuru na Bonde la Ufa

Katikati ya Bonde la Ufa, yaani ule mfereji mkubwa uliotokea ardhi ilipopasuka na kudidimia katika mamilioni ya miaka, watu wameishi daima kati ya neema na hatari. Majivu ya volkano yaliyoipa Nakuru rutuba yake ndiyo pia yanayofanya udongo wake umomonyoke upesi mvua inapozidi, na maziwa yake, ambayo hayana mto wa kuyapeleka maji baharini, hupanda na kushuka kwa kadiri ya mvua inayonyesha. Njaa, tetemeko, mafuriko na ukame vimepita humo kwa zamu, na kila pigo limewakuta Wakristo wakiwa na wajibu wa kuitikia. Historia ya mwitikio huo yastahili kusimuliwa kwa sababu inafundisha kwamba huruma, ijapokuwa huanzia moyoni, hudumu pale tu inapopewa mpangilio, mali na wakati, na kwamba kila ilipoishia kwenye kugawa chakula bila kuuliza kilicholeta maafa, watu wale wale walirudi kuumia.

Msingi wa wajibu huo umo katika Agano Jipya. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 11, kinaeleza kwamba nabii Agabo alipotabiri njaa kuu, Wakristo wa Antiokia walichanga, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake, wakawapelekea ndugu zao wa Uyahudi msaada kwa mikono ya Barnaba na Sauli, na jambo la kuzingatia ni kwamba uamuzi wa kutoa ulifuata onyo, haukungoja maiti. Injili ya Luka, katika sura ya 13, inawataja watu 18 waliouawa na mnara wa Siloamu ulipoanguka, na Yesu anakataa katakata dhana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Mafundisho hayo mawili, la kutoa mapema na la kutomhukumu aliyepatwa, ndiyo kipimo kinachofaa kuitazamia karne moja na ushei ya huduma bondeni.

Huduma ya kwanza inayojulikana vyema ilitolewa wakati wa njaa kuu ya mwisho wa karne ya 19, iliyoletwa na ukame, nzige na ndui, baada ya sotoka, yaani tauni ya ng'ombe, kufyeka mifugo ya Wamaasai na majirani zao. Huko Thogoto, si mbali na ukingo wa mashariki wa bonde, misheni ya Waskoti chini ya Thomas Watson, aliyefariki mwaka 1900, iliwapokea na kuwalisha wenye njaa. Reli ilifika Nakuru mwaka huo huo wa 1900, na mwaka 1903 wamisionari wa Africa Inland Mission walihamia Kijabe, kwenye mteremko unaotazama Mai Mahiu, ambako hospitali yao ilianzishwa mwaka 1915. Huduma hiyo iliokoa maisha, lakini ilikuwa na mipaka miwili: ilimfikia zaidi aliyekuwa na nguvu za kutembea hadi lango la misheni, na iliendeshwa na wageni, ilhali Mwafrika alihesabiwa kuwa mpokeaji tu.

Mipaka hiyo ilionekana zaidi ardhi ilipogawanywa. Tarehe 6 Januari 1928 bonde la Subukia lilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa takriban 6.9, ambalo hadi leo ndilo kubwa kuliko yote yaliyopata kurekodiwa nchini Kenya, na ambalo liliacha ufa wa takriban kilomita 38 chini ya genge la Laikipia. Wakati huo eneo hilo lilikuwa mashamba ya walowezi, na Waafrika waliishi humo kama maskwota, yaani vibarua walioruhusiwa kujenga na kulima kipande kidogo kwa sharti la kumtumikia mwenye shamba. Asiye na haki ya ardhi hana pa kujenga upya nyumba yake inapobomoka isipokuwa kwa hisani ya mwingine, na kanisa lililotegemea idhini ya mwenye shamba lisingeweza kulizungumzia jambo hilo kwa sauti kubwa.

Hali ilianza kubadilika kanisa lilipojenga taasisi zake lenyewe. Dayosisi ya Kianglikana ya Nakuru, yaani eneo lililo chini ya askofu mmoja, iliundwa mwaka 1961 chini ya Askofu Neville Langford-Smith, na mwaka 1968 Kanisa Katoliki nalo likaifanya Nakuru kuwa jimbo la kikanisa linalohudumia pia Baringo. Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki aliliongoza jimbo hilo tangu 1971 hadi 1996, na ni katika kipindi chake, mwaka 1976, ambapo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliazimia kuzipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, yaani vikundi vya familia jirani zinazosali pamoja na kujuliana hali. Azimio hilo lilikuwa la kiroho, lakini lilikuwa na matokeo makubwa kwa huduma ya maafa, kwa kuwa jumuiya ya namna hiyo hujua nani ni mjane, nani amelazwa na nani hajaonekana tangu jana. Ukame wa 1984 ulipoua mifugo katika nyanda za chini za Baringo, msaada haukuanzia tena kwenye lango la mgeni, bali ulipita katika parokia zenye wazee na makatekista wa hapo hapo.

Mapigano ya kikabila yaliyoanza mwishoni mwa 1991 hayakuwa maafa ya asili, lakini yalibadilisha kabisa namna kanisa lilivyofikiri kuhusu msaada. Maelfu ya watu walifukuzwa Molo, Olenguruone na kwingineko, na Askofu Ndingi, mbali na kuwatafutia hifadhi na chakula, aliwatetea hadharani na kudai serikali iwajibike. Mwaka 1994 mashirika makubwa ya misaada duniani, yakiwemo Caritas na Baraza la Makanisa Ulimwenguni, yalikubaliana na Msalaba Mwekundu juu ya kanuni za maadili zinazotaka msaada utolewe kwa kuangalia shida pekee, bila kujali kabila wala dini, wala usitumike kumvuta mtu aingie dhehebu fulani. Katika kaunti yenye makabila mengi kama Nakuru, ambako mwaka 2008 uwanja wa maonyesho ya kilimo uligeuka kambi ya wakimbizi wa ndani, kanuni hiyo ndiyo inayomwezesha mwathiriwa kuuamini mkono unaomfikia.

Tangu takriban 2010 maafa ya maji ndiyo yaliyotawala. Ziwa Nakuru, lililokuwa na eneo la takriban kilomita za mraba 40, lilipanuka kupita kilomita za mraba 60 na kufunika lango kuu la hifadhi ya wanyama. Ziwa Baringo lilizimeza shule na zahanati, na wakazi wa mtaa wa Kihoto mjini Naivasha walihamishwa na maji mwaka 2020, kisha tena mwaka 2025. Ripoti ya serikali ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba zaidi ya kaya 75,000 ziliathiriwa na kupanda kwa maziwa ya Bonde la Ufa, Ziwa Viktoria na bwawa la Turkwel. Maafa ya aina hii huijaribu huruma kuliko mengine, kwa sababu hayana usiku mmoja wa kilio unaowakusanya watu: maji hupanda kwa kidole leo na kidole kesho, na mwenye nyumba hupoteza shamba, choo na hatimaye paa, wakati waliokuwa wakimchangia wamekwisha kuchoka.

Misiba miwili ya ghafla iliweka wazi swali la chanzo. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel huko Solai lilipasuka katikati ya mvua ya masika, likaua watu wasiopungua 47 katika vijiji vilivyokuwa chini yake, na kamati ya Seneti ikaundwa kuchunguza kilichotokea. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli huko Old Kijabe, baada ya kalvati, yaani njia ya maji iliyojengwa chini ya tuta, kuzibwa na takataka na magogo, yalifumuka na kuteremka hadi Kamuchiri, Mai Mahiu, yakaua watu zaidi ya 50. Walionusurika walihifadhiwa katika shule ya wasichana ya Ngeya, Wakristo na watu wengine wema wakaleta blanketi, unga na nguo, na tarehe 10 Mei taifa zima likawa na siku ya mapumziko ya maombolezo na kupanda miti.

Katika misiba yote miwili mvua ilitoka mbinguni, lakini ukuta wa bwawa na kalvati ni kazi ya mikono ya watu, na kusema kwamba yaliyotokea ni mapenzi ya Mungu, kisha kunyamaza, ni kumtwisha Mungu lawama ya uzembe. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 43, inamhakikishia kila mtu haki ya makao na chakula cha kutosha, kwa hiyo Mkristo anayedai bwawa likaguliwe au familia ipewe ardhi salama haachi huduma ya huruma akaingia siasa, bali anaikamilisha.

Makanisa ya Nakuru yana vitu ambavyo hakuna ofisi ya serikali inayoweza kuvinunua: majengo katika karibu kila kata, mkutano wa kila wiki ambao watu huuhudhuria kwa hiari, na wazee wanaoyajua majina ya wanaoishi kando ya mito na maziwa. Kwa vitu hivyo yanaweza kutangaza onyo la mafuriko ibadani kabla ya masika, kutenga sehemu ya matoleo ya kila mwezi kwa ajili ya maafa badala ya kuchanga kwa pupa baada ya mazishi, na kuwateua watu watakaozitembelea familia zilizohamishwa hadi zipate makao, hata kama itachukua miaka. Waliotangulia waliijenga huduma hii hatua kwa hatua, kutoka lango la misheni hadi jumuiya ya majirani na kutoka sadaka hadi kudai haki, na hatua inayowangojea Wakristo wa kizazi hiki ni kufika kabla ya maji.