Uainishaji wa Pakiti

Mtajie kijana wa Dar es Salaam kifurushi, atakuuliza ni cha siku au cha wiki. Neno hilo limeshakuwa mali ya kampuni za simu. Ndiyo maana kile kipande cha data kinachosafiri mtandaoni nakiita pakiti.

Uainishaji ndio wenye ubishi. Wapo wanaoandika "uchambuzi wa pakiti", nami siafiki: mchambuzi hukaa akachunguza, na swichi, kifaa kinachopitisha pakiti mtandaoni, haina nafasi hiyo. Yenyewe husoma kichwa cha pakiti tu, yaani anwani mbili, milango miwili na itifaki, kisha hutafuta kanuni inayoihusu. Tuseme kanuni moja inaruhusu yote yatokayo 10.1.0.0/16, na nyingine, yenye kipaumbele zaidi, inakataza yote yaendayo mlango wa 23. Pakiti ya 10.1.4.9 iendayo mlango wa 23 imeingia kotekote, inatupwa. Huko ndiko kuainisha: kujua pakiti ni ya aina gani ili ijulikane itendewe nini.

Kwenye waya wa gigabiti 10 kwa sekunde, pakiti ndogo kabisa za Ethernet huweza kufika milioni 14.88 kila sekunde. Kila moja ina nanosekunde 67 hivi. Ukiwa na kanuni elfu kumi, huwezi kuzipitia moja moja.

Hapo ndipo algoriti zinapoingia, na tafsiri inapoteleza tena. "Algoriti ya haraka" masikioni mwangu ni iliyotungwa kwa pupa. Naandika "yenye kasi". Lakini kasi ya nini? Mwaka 1999 Gupta na McKeown walileta HiCuts, inayozikatakata kanuni ziwe mti wa maamuzi. Mwaka huohuo Srinivasan, Suri na Varghese walipendekeza kuzikusanya pamoja kanuni zinazotazama biti zilezile, kila kundi na jedwali lake la hashi. Mti hutafuta upesi, ila kuongeza kanuni moja huweza kulazimisha sehemu yake ijengwe upya. Majedwali ni mengi ya kupekua, lakini kanuni mpya huingia mara moja.

Katika mtandao unaoongozwa na programu (sisemi "unaofafanuliwa", kwani programu haifafanui chochote pale, inaamuru) kanuni hubadilika kila wakati. Swichi ya Open vSwitch ilichagua majedwali.

Basi ukikutana na algoriti inayosifiwa kwa kasi, uliza kwanza: kasi ya kutafuta, au ya kubadili?