Nyimbo za Msiba Zilivyofika Nyanda za Juu Kusini

Kwa anayetoka Dar es Salaam, Ruaha Mbuyuni ni mahali pa kununua vitunguu na kukagua breki kabla ya kukabili Kitonga. Mlima huo umeacha wajane na yatima wengi. Panapowekwa matanga, bondeni hapo au juu kuelekea Ilula na Iringa, Wakristo husoma Ayubu au Zaburi ya 90, kisha mtu mmoja huanzisha wimbo na wengine wakaupokea bila kufungua kitabu.

Nyimbo hizo hazikupandia Kitonga. Zilitokea upande wa pili, Ziwa Nyasa, mwaka 1891. Wamoravian wanne wakiongozwa na Theodor Meyer waliingia Unyakyusa na kuanzisha misheni ya Rungwe. Mmoja wao, Georg Martin, akafariki mwaka huohuo. Wamisionari wa Berlin chini ya Alexander Merensky walifika mwaka huo pia, na baadaye wakasambaa hadi Ukinga, Ubena na Uhehe.

Mwaka 1891 ndio uleule wa Lugalo, pale Mkwawa, mtemi wa Wahehe, alipoliangamiza jeshi la Kijerumani la Zelewski. Ngome yake ya Kalenga ikaanguka 1894, Mkwawa akafa 1898, na 1905 ikaja vita ya Maji Maji na njaa iliyoifuata. Ujumbe wa faraja ulikuwa unahubiriwa na watu wa taifa lilelile lililoleta mizinga, na msikilizaji wa Kihehe au Kibena hakuwa na sababu ya kuusahau ukweli huo.

Hata hivyo nyimbo zenyewe zilikuwa zimetoka kwenye majonzi. Nyingi za Kilutheri zilitungwa wakati wa Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648) na miaka iliyofuata. Martin Rinckart, aliyeandika wimbo wa shukrani uimbwao dunia nzima, alikuwa mchungaji wa Eilenburg tauni ilipoupiga mji huo mwaka 1637. Alizika zaidi ya watu 4,000, mkewe akiwa miongoni mwao. Paul Gerhardt, mtunzi mwingine, alizika watoto wanne kati ya watano. Mtu aliyefiwa hakuhitaji kuelezwa historia hiyo ili aitambue sauti ya mfiwa mwenzake.

Wala nyimbo hizo hazikukuta watu wasiojua kuomboleza. Wanyakyusa walicheza ngoma kwenye mazishi, na Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwao miaka ya 1930, aliiandika desturi hiyo kwa kina. Huko Mbozi, mmisionari Traugott Bachmann aliona mapema kwamba sala hunoga kwa sauti za nyumbani, akawapa Wanyiha nafasi ya kumwimbia Mungu kwa mahadhi yao wenyewe. Laiti wengi zaidi wangemfuata!

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Northey lilipanda kutoka Nyasaland na kuichukua Iringa mwezi Agosti. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa. Iliwachukua karibu miaka kumi kuruhusiwa kurudi. Katika pengo hilo kulikuwa na upagazi wa kulazimishwa, njaa, na mafua makali ya 1918. Wamisionari wa Kiskoti wa Livingstonia walipita kutazama hali, lakini ibada na mazishi ya kila siku yalikuwa mikononi mwa walimu na wazee wenyeji. Walichokuwa nacho ni vifungu walivyovihifadhi na nyimbo walizozijua kwa moyo. Hao ndio waliolilea kanisa la nyanda hizi, na wanastahili kutajwa kabla ya Meyer na Merensky. Vita vya Pili vya Dunia vilipowaondoa Wajerumani tena, wenyeji walikuwa wamekwisha kuzoea kusimama wenyewe.

Baadaye Kiswahili kiliwaunganisha waliokuwa wakiimba kwa Kinyakyusa, Kibena na Kikinga. Biblia ya Union Version ilitoka mwaka 1952, na Tenzi za Rohoni, kitabu kidogo kisicho na nota, kikaingia mifukoni mwa watu wa madhehebu mengi. Humo zimo nyimbo za Joseph Scriven, ambaye mchumba wake alizama majini siku moja kabla ya harusi, na Horatio Spafford, aliyepoteza mabinti wanne baharini mwaka 1873. Kwenye matanga ya Ruaha Mbuyuni, Mlutheri, Mmoravian na Mpentekoste wanaweza kuketi mkeka mmoja na kuimba ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, pasipo yeyote kuuliza wimbo ni wa kanisa gani.