Ugonjwa wa Duchenne, kazi ya Meryon

Desemba 1851, daktari wa London aitwaye Edward Meryon alisimama mbele ya chama cha madaktari, Royal Medical and Chirurgical Society, akawasomea wenzake habari za ndugu wanne wa kiume, wa baba mmoja na mama mmoja. Wote walipatwa na maradhi yale yale: miguu inalegea, ngazi zinawashinda, mwishowe hata kusimama hawawezi. Dada zao walikuwa wazima.

Enzi hizo, mtoto akilemaa namna ile, lawama ziliangukia mishipa ya fahamu. Mmoja wa wavulana alipofariki, mwili wake ulipasuliwa, na ugwe wa uti wa mgongo ukakutwa hauna kasoro. Meryon akageukia misuli yenyewe. Chini ya hadubini aliona nyuzi zimegeuka chembechembe na mafuta, na ule utando mwembamba unaofunika kila uzi umevunjikavunjika. Taarifa yake ilichapishwa 1852. Yote ya msingi yamo: kinachougua ni msuli, ugonjwa unakwenda kwa ukoo, na unawashika wavulana.

Hata hivyo leo hakuna mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe ana ugonjwa wa Meryon. Anaambiwa Duchenne.

Guillaume Duchenne alizaliwa 1806 Boulogne-sur-Mer, mji wa bandari kaskazini mwa Ufaransa, katika ukoo wa mabaharia. Alihamia Paris 1842. Hakuwa na cheo katika hospitali yoyote, basi akawa anazunguka wodi za watu na mashine yake ndogo ya umeme, anagusa msuli huu na ule kuona upi unaitika na upi umekufa. Mgonjwa aliyemvutia alimfuatilia kwa miaka, hata akihamishiwa hospitali nyingine. Wakubwa walimwona msumbufu. Lakini Jean-Martin Charcot, daktari ambaye jina lake baadaye lilivuma kuliko la wote, alimwita mwalimu wake.

Mwaka 1861 Duchenne aliandika kuhusu watoto wenye miguu dhaifu lakini mashavu ya miguu yamenenepa ajabu, akadhani chanzo kiko kwenye ubongo. Yaani miaka tisa baada ya Meryon kuchapisha, bado alikuwa anatafuta kusikohusika. Alijirekebisha, na kwa njia ya kishujaa: alibuni sindano ya kunyofoa kipande kidogo cha msuli wa mtoto aliye hai, asisubiri maiti. Ndipo akaona kwamba unene ule ni mafuta na nyama ngumu ya kovu, wala si nguvu. Makala yake ya 1868, yenye wagonjwa 13, ilieleza dalili kwa ufasaha ambao Meryon hakuufikia. Wagonjwa wa Meryon aliwasukuma pembeni, akisema wale walikuwa na maradhi mengine. Hapo, kwa maoni yangu, hakutenda haki.

Mwingereza William Gowers ndiye aliyeacha ile dalili ambayo madaktari wanaitazamia mpaka leo. Mwaka 1879 alieleza jinsi mtoto anavyoinuka kutoka sakafuni: anajigeuza kifudifudi, anasimamisha matako juu, kisha anaweka mikono magotini na kupanda mapaja yake mwenyewe, mkono baada ya mkono, hadi kiwiliwili kinyooke. Nyonga zimekosa nguvu, mikono inazisaidia. Ukishamwona mtoto mmoja akiinuka hivyo, humsahau.

Jeni yenyewe ilisubiri sana. Ilijulikana iko kwenye kromosomu X, ndiyo maana mtoto wa kiume, mwenye X moja tu, hana ya akiba, ilhali dada yake huweza kuibeba bila kuugua. Mwaka 1986 kundi la Louis Kunkel huko Boston liliipata: jeni ndefu ajabu, yenye herufi zaidi ya milioni mbili. Mwaka uliofuata Kunkel, Eric Hoffman na mwenzao wakaitambua protini inayotengenezwa nayo, wakaiita distrofini. Kwa watoto hawa haipo kabisa, au imebaki kidogo mno.

Na distrofini inakaa wapi? Chini kabisa ya utando wa uzi wa msuli, ikiushikiza na mhimili wa ndani. Isipokuwepo, kila msuli unapojikunja utando huchanika. Ni utando ule ule ambao Meryon aliuona umevunjika.

Aliyelivalia njuga suala la kusahauliwa kwa Meryon ni Alan Emery, profesa wa jenetiki huko Edinburgh aliyeandika mengi juu ya maradhi ya misuli ya kurithi. Yeye mwenyewe jina limempata: tangu utafiti wake wa 1966 pamoja na Fritz Dreifuss, kuna ugonjwa mwingine wa misuli unaoitwa Emery-Dreifuss. Aliyafukua maandishi ya Meryon yaliyosahauliwa, na mwaka 1995, yeye na Marcia Emery wakatoa kitabu kizima cha historia ya ugonjwa huu. Jalada linautaja kuwa ni wa Duchenne, au ugonjwa wa Meryon. Hata mtetezi mkubwa hakuthubutu kulitanguliza jina la mteja wake, na nadhani alijua sababu: angeliandika la Meryon peke yake, ni nani angekifungua?