Aliyeambiwa bustani haimhusu: vita vya Uhuru Park na uwanja wa mchanga wa Liboi

Katiba ya Kenya ilitangazwa rasmi Agosti 27, 2010, katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Wanaoiadhimisha huzungumza zaidi kuhusu ugatuzi wa pesa, hospitali na barabara. Kuna mstari mmoja ambao ni nadra kuusikia ukitajwa. Uko mwishoni, katika Jedwali la Nne, penye orodha ya kazi za kaunti: bustani za umma, fuo na mahali pa burudani. Mstari huo unaifikia Liboi kama unavyoifikia Nairobi.

Liboi ni mji wa mpakani katika Kaunti ya Garissa, unaotazamana na Dhobley upande wa Somalia. Mgeni akiuliza bustani ya umma iko wapi, ataonyeshwa kivuli cha mti. Wazee hukaa hapo, kesi za mifugo hukatwa hapo, habari za mpakani huletwa hapo. Jua likishalegea, vijana hushuka na mpira kwenye mchanga. Si jambo la kuonea aibu. Lakini kivuli kile na mchanga ule haviko katika daftari la mtu yeyote mwenye wajibu wa kuvilinda, na historia ya Nairobi inaonyesha kinachoipata ardhi ya namna hiyo siku mtu mwenye nguvu anapoitamani.

Katika kuisimulia historia hiyo nimeegemea vitu viwili: kumbukumbu za Profesa Wangari Maathai zilizochapishwa mwaka wa 2006, na uamuzi wa Mahakama Kuu wa Desemba 1989 katika kesi aliyoifungua kuitetea Uhuru Park. Msomaji ajue basi kwamba sauti ya mwanamke yule ndiyo iliyotawala makala haya.

Bustani za Nairobi zilianza mapema. Mwaka wa 1906, mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee, aliyekuwa mwanakandarasi wa reli ya Uganda, aliutolea mji kipande cha ardhi na sanamu ya Malkia Victoria. Ndiyo Jeevanjee Gardens ya leo. Nairobi ikawa jiji mwaka wa 1950. Msimamizi wa bustani zake, Peter Greensmith, akapanda mijakaranda na mibogenvilia ambayo wageni huipiga picha hadi leo. Mzee Jomo Kenyatta aliifungua Uhuru Park mwezi wa Mei 1969. Wengi huichanganya na Uhuru Gardens, kule kwenye barabara ya Lang'ata, ambako bendera ya uhuru ilipandishwa mwaka wa 1963. Uhuru Park ni ile iliyo kando ya katikati ya jiji, yenye ziwa dogo na nyasi za kulalia Jumapili.

Kisha ikaja Tume. Mwaka wa 1983 serikali ya Rais Daniel arap Moi ililivunja Baraza la Jiji la Nairobi, ikawatimua madiwani waliochaguliwa na kuweka mahali pao Tume ya Jiji iliyoteuliwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa uendeshaji mbovu, na uendeshaji ulikuwa mbovu kweli. Hatua hiyo ilisemwa kuwa ya muda, lakini muda ukaongezwa tena na tena hadi mwaka wa 1992. Kwa karibu miaka kumi, mkazi wa Nairobi hakuwa na diwani wa kumlalamikia taka zikirundikana, taa zikizimika au bustani ikimegwa. Makamishna walimtazama aliyewateua.

Katika miaka hiyo ndipo palipozuka ugomvi ninaotaka kuusimulia.

Mwaka wa 1989, kijana mmoja alimpenyezea Profesa Maathai habari kwamba kuna jengo linapangwa kusimamishwa ndani ya Uhuru Park. Halikuwa jengo la kawaida. Lilikuwa mnara wa ghorofa 60, wa kupita jengo lolote Afrika, wenye makao ya chama tawala cha KANU, ofisi za gazeti lake la Kenya Times, kumbi, maduka, maegesho ya magari 2,000, na sanamu kubwa ya Rais. Gharama ilikadiriwa kuwa dola milioni 200, sehemu kubwa ikiwa mkopo. Mshirika wa KANU katika kampuni ya Kenya Times Media Trust alikuwa Robert Maxwell, tajiri wa magazeti wa Uingereza.

Maathai alikuwa ameanzisha shirika la Green Belt Movement mwaka wa 1977, la wanawake wa vijijini wanaopanda miti. Alishika kalamu. Aliwaandikia Kenya Times, Ofisi ya Rais, Tume ya Jiji, mkuu wa mkoa, waziri wa mazingira na mashirika ya Umoja wa Mataifa. Alimwandikia pia balozi wa Uingereza, akamuuliza kama jengo kama hilo lingeruhusiwa ndani ya Hyde Park kule London. Barua zilikuwa za heshima, na swali lake lilikuwa dogo: je, ni kweli?

Katika simulizi yake, Tume ya Jiji haionekani ikisimama mbele ya bustani iliyokabidhiwa kuilinda. Waliojibu walikuwa wengine, na hawakumjibu kwa barua. Mwezi wa Novemba Bunge liliweka kando shughuli zake ili kumshambulia. Waheshimiwa waliliita shirika lake kundi la wanawake walioachika, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ametalikiwa. Walihoji kwa nini alipeleka malalamiko ng'ambo. Wiki moja baadaye ardhi ikachimbwa kwa sherehe na sehemu ya bustani ikazungushiwa ua.

Hapo ndipo alipokwenda kortini. Novemba 24, 1989, aliiomba Mahakama Kuu itoe amri ya kusimamisha ujenzi. Desemba 11, Jaji Norbury Dugdale aliitupilia mbali kesi hiyo. Hakusema kwamba mnara ni mzuri, wala kwamba bustani haina umuhimu. Alisema mlalamishi hana haki ya kushtaki. Kampuni haikuwa imevunja haki yoyote inayomhusu yeye binafsi, na kuutetea umma ilikuwa kazi ya Mwanasheria Mkuu wa serikali.

Nimeusoma uamuzi huo mara kadhaa, na kila mara nasimama palepale. Bustani ni ya kila mtu, kwa hiyo hakuna mtu aliyedhulumiwa ikichukuliwa. Anayeruhusiwa kuitetea ni wakili wa serikali, na serikali ndiyo inayojenga. Tume ambayo ingepaswa kusema hapana iliteuliwa na serikali iyo hiyo. Milango yote ilikuwa ya nyumba moja.

Kesho yake, Desemba 12, Rais Moi alihutubia taifa katika sherehe za uhuru. Sherehe hizo zilifanyika Uhuru Park kwenyewe. Alisema mwanamke anayefuata mila za Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Green Belt Movement ikafukuzwa katika ofisi zake zilizokuwa katika jengo la serikali, na Maathai akaihamishia nyumbani kwake, mafaili na wafanyakazi pamoja.

Kortini alishindwa. Hata hivyo kelele zilikuwa zimefika mbali. Wafadhili wa ng'ambo walianza kujiuliza kwa nini nchi inayoomba misaada inajenga mnara wa kifahari juu ya nyasi za watu wake. Mapema mwaka wa 1990 serikali ilitangaza kwamba mradi utapunguzwa, kisha ukanyamaziwa kabisa. Maxwell alifariki Novemba 1991. Februari 1992 ua uling'olewa, na watu wakarudi kulala kwenye nyasi zao Jumapili. Mwezi huohuo akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipiga kambi kwenye kona moja ya bustani hiyo, wakagoma kula. Polisi waliwavamia Machi 3, na baadhi ya akina mama wale wakavua nguo kuwalaani. Kona ile bado inaitwa Freedom Corner. Baadaye mwaka huo muda wa Tume ya Jiji ulikwisha na madiwani wa kuchaguliwa wakarudi. Mwenyekiti wake wa mwisho alikuwa Fred Gumo.

Jeevanjee Gardens nayo ilinusurika. Mpango wa mwaka wa 1991 wa kuigeuza kuwa maegesho na maduka ulikwamishwa na kampeni iliyoongozwa na Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee mwenyewe.

Sisi wa huku kaskazini mashariki tulikuwa wapi wakati huo? Miaka ambayo Nairobi ilipigania nyasi za kulalia, mkoa wetu ulikuwa bado chini ya sheria za hali ya hatari zilizowekwa mara tu baada ya uhuru na kudumu hadi mapema miaka ya 1990. Uwanja kwetu ulikuwa na maana nyingine. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, vikosi vya usalama vilichoma nyumba za Bulla Kartasi na kuwakusanya wakazi katika uwanja wa shule ya msingi, ambako walizuiliwa kwa siku kadhaa bila chakula wala maji. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika habari hizo katika ripoti yake ya mwaka wa 2013. Mahali pa watoto kuchezea mpira palifanywa korokoro. Anayejiuliza kwa nini wazee wetu hawakuzoea kudai viwanja vya umma aanzie hapo.

Liboi yenyewe ilipata jaribu lake. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Mogadishu Januari 1991, maelfu walivuka mpaka, na eneo la wazi kando ya mji likawa kambi ya wakimbizi, kabla ya watu kuhamishiwa Ifo, Dagahaley na Hagadera karibu na Dadaab. Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yalipitia hapa yakielekea Somalia. Ardhi ya wazi ya Liboi imetumiwa na watu wengi kwa mambo mengi, na aghalabu mwenyeji alikuwa wa mwisho kuulizwa.

Kuhusu miaka ya karibuni sitasema mengi. Nairobi ilipitisha sera ya waendao kwa miguu na waendesha baiskeli mwaka wa 2015, ikaahidi kuwatengea asilimia 20 ya bajeti ya usafiri. Mwaka wa 2019 barabara mpya ya juu, Nairobi Expressway, ilipangwa kumega ukingo wa Uhuru Park. Wananchi wakapiga kelele na serikali ikatangaza kuusogeza mchoro. Barabara yenyewe ilifunguliwa mwaka wa 2022, na chini yake, kwenye Mombasa Road, njia za miguu na baiskeli zilivurugwa vibaya. Uhuru Park ilifungwa mwaka wa 2021 kwa ukarabati, na watu wa Nairobi wakaikosa kwa muda mrefu kuliko walivyotarajia.

Jambo kubwa lililobadilika liko kwenye karatasi. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinasema anayekwenda kortini kuitetea haki hiyo halazimiki kuonyesha kwamba yeye, au mtu yeyote, amepata hasara. Kwa mstari huo hoja iliyomwangusha Maathai mwaka wa 1989 imefutwa, na ilifutwa ndani ya bustani aliyoambiwa haimhusu. Aliishi kuyaona hayo. Alifariki Septemba 25, 2011, akiwa na Tuzo ya Amani ya Nobel aliyotunukiwa mwaka wa 2004.

Kwa hiyo sioni kwa nini Liboi iendelee kungoja. Kwetu hakuna Tume ya Jiji ya kulaumiwa. Kuna kaunti ambayo imekabidhiwa kazi hiyo kwa maandishi, kuna mwakilishi wa wadi aliyechaguliwa kwa kura, na kuna Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka wa 2016, inayoitambua jamii kuwa mwenye ardhi na kuiruhusu itenge sehemu kwa matumizi ya wote. Hadi jamii itakapojiandikisha, ardhi hiyo inashikwa na kaunti kwa niaba yake. Kushika amana si kumiliki. Wazee wa Liboi, walio na historia ndefu ya kutunziana ng'ombe na ngamia, hawahitaji kufafanuliwa tofauti hiyo.

Kinachotakiwa si ziwa wala mashua. Ni mpima ardhi aje na vifaa vyake, auzungukie uwanja wa mpira na mti wa baraza, achimbie vigingi, na ramani iandikwe kwamba hapa ni pa umma. Ipandwe miarobaini pembeni kwa ajili ya kivuli. Wasichana watengewe saa zao za kucheza, maana uwanja ulivyo sasa ni wa wavulana peke yao. Barabara inayopita mjini iachiwe ukingo mpana kwa wanaotembea, kwa baiskeli na kwa mikokoteni ya punda, kabla maduka hayajausogelea.

Haya yote yanaweza kuanza kwa barua. Maathai alianza na barua moja, yenye swali moja, na nakala kwa kila ofisi iliyohusika. Ya Liboi iende kwa waziri wa ardhi wa kaunti, nakala kwa mwakilishi wa wadi na kwa karani wa bunge la kaunti mjini Garissa, na iulize: uwanja wetu uko kwenye ramani gani, na kwa jina la nani?