Wenyeji na Wageni wa Unyanyembe: Mapatano ya Njia ya Misafara

Mji wa Tabora, ambao wasafiri wa karne ya 19 waliuandika pia kwa jina la Kazeh, ulikua ndani ya utemi wa Unyanyembe, mahali ambapo njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo iligawanyika, moja ikielekea Ujiji na nyingine ikipanda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Waarabu wa Omani na Waswahili wa Mrima walijenga hapo tembe, yaani nyumba za udongo zenye paa bapa, wakawa majirani wa Wanyamwezi wakulima na Watusi wafugaji, na baadaye wakaongezeka Wamanyema kutoka Kongo. Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba wageni ndio walioifungua njia hiyo, kwani Wanyamwezi walikuwa wamekwisha kufika pwani na pembe zao za ndovu kabla mfanyabiashara wa pwani hajaweka makazi kwao.

Kilichowawezesha watu hao kukaa pamoja hakikuwa kufanana, wala hakikuwa mapenzi, bali mapatano ambayo kila upande uliyafahamu. Muhammed bin Juma, baba yake Hamed bin Muhammed aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira, na kwa ndoa hiyo akawa mkwe katika nyumba ya utawala. Pasipo na ndoa palikuwa na udugu wa kuchanjiana, ambao watu wasio wa ukoo mmoja waliufunga kwa kuchanja chale na kuchanganya damu. Mtemi Mirambo wa Urambo aliufunga na msafiri wa Kizungu Stanley mwaka 1876, ingawa miaka mitano kabla yake Stanley huyo huyo alikuwa ameandamana na Waarabu wa Tabora kwenda kumpiga. Katika nchi kame ya Ugogo, ambako msafara usiopewa maji haukuwa na pa kwenda, uhusiano ulisimama juu ya hongo, yaani ushuru wa njia uliolipwa kwa nguo, shanga na waya.

Lililodumu kuliko yote ni utani, desturi inayowaruhusu watu wa makabila mawili kutaniana, hata kwa maneno makali, pasipo kukasirikiana, na inayowapa watani kazi maalumu katika mazishi. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo huhusishwa na safari hizo za pwani, na mantiki yake si ngumu kuiona: mpagazi aliyebeba mzigo wa takriban frasila mbili, akafia mbali na ndugu zake, alihitaji mtu wa kumzika.

Mapatano hayo yalivunjika kila upande mmoja ulipotaka kula faida bila kubeba wajibu. Fundikira alipofariki, mrithi wake Mnywa Sere aliwatoza wafanyabiashara ushuru, nao, badala ya kulipa, walimwondoa na kumsimika Mkasiwa, wakaanzisha vita vilivyoendelea mpaka Mnywa Sere alipouawa mwaka 1865. Mirambo alirithi ugomvi huo kwa nguvu zaidi, na kuanzia mwaka 1871 aliitikisa biashara yote ya Tabora. Watumwa waliopitishwa katika njia hiyo hiyo hawakuwa na nafasi katika mapatano haya, wala hapana sifa ya ujirani mwema wa Unyanyembe inayoweza kulifunika jambo hilo.

Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hii katika orodha yake ya mapendekezo ya Urithi wa Dunia wa UNESCO, Kwihara, karibu na Tabora, ikiwa miongoni mwa vituo vyake. Nyumba ya Kwihara inajulikana kwa jina la Livingstone, mgeni aliyekaa humo miezi michache ya mwaka 1872. Wanaoitunza historia ya mahali hapo wanapaswa kumweka Karunde, mpagazi wa Kinyamwezi na mtumwa wa Kimanyema mbele ya mgeni huyo.